Jicho, Tope na Bereti Nyeusi: Jinsi ya Kusoma Nembo za Rejimenti ya Vifaru

Hotuba kwa walimu wa historia na vijana wanaowatembeza wageni, Tanga

Shikamooni wazee wetu. Walimu, vijana wetu, mabibi na mabwana, hamjambo. Tukae kitako, maana kitu tunachokiangalia leo ni kidogo, hakizidi kiganja cha mkono. Ni beji ya kofia. Mgeni anapofika hapa kutafuta makaburi ya mwaka 1914, akatoa mfukoni beji ya babu yake na kumwuliza kijana wetu "hii ni ya nani?", jibu la "ni ya jeshi la Mwingereza" halimtoshi. Beji inajieleza yenyewe, ilimradi msomaji awepo.

Tuanzie nyumbani. Kati ya tarehe 2 na 5 Novemba 1914, askari wa Mwingereza kama 8,000 waliotoka India walishushwa Ras Kazone kuuteka mji huu. Waliowangoja walikuwa kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, chini ya kamanda Mjerumani, Lettow-Vorbeck. Kila mtoto wa Tanga amesimuliwa habari ya nyuki. Nyuki waliuma kweli, tena waliwauma wote. Lakini kilichovunja shambulio lile hasa ni rashasha, zilizopangwa majumbani na kando ya reli, dhidi ya watu waliokuwa wakitoka kwenye vichaka na mashamba bila kinga yoyote mwilini. Siku ya nne wakarudi melini na kuacha silaha ufukoni.

Vita vya Tanga havikuwa na kifaru hata kimoja, kwa sababu kifaru kilikuwa hakijatengenezwa. Nimevitaja kwa kuwa swali lililowashinda wale askari pale mjini ndilo lililoyashinda majeshi makubwa ya Ulaya majira yaleyale: mtu wa miguu atavukaje mbele ya rashasha na seng'enge? Jibu lililopatikana baadaye ndilo lililozaa rejimenti ya kwanza ya vifaru duniani, inayoitwa leo Royal Tank Regiment. Na katika rejimenti hii hakuna alama yenye uzito iliyobuniwa mezani na mchoraji wa ngao na simba. Karibu kila moja imetoka kwenye tope, kwenye oili, au kwenye hitilafu fulani iliyowakuta watu kazini. Anayetaka kuzisoma aanze huko.

Mwezi Februari 1915 Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa majeshi ya maji ya Uingereza, aliunda kamati ya kutafuta chombo cha chuma kitakachovuka mahandaki. Iliitwa kamati ya meli za nchi kavu. Neno "meli" tulishike, tutalirudia mwishoni. Kazi ya kuunda ilipewa kiwanda cha William Foster cha mji wa Lincoln, kilichozoea kutengeneza mitambo ya kilimo. Hata minyororo ya kutembelea haikuwa ngeni. Matrekta ya minyororo yalikuwa yakifanya kazi mashambani Marekani miaka kadhaa kabla, na jina la biashara la mojawapo ndilo lililotupa sisi neno "katapila". Ili siri isivuje, mafundi waliambiwa wanaunda matangi ya kubebea maji. Jina hilo la kuficha ndilo lililowaganda Waingereza mpaka leo. Kiswahili hakikuwa na siri ya kutunza. Kilimtazama mnyama mzito, mwenye ngozi ya deraya, anayekwenda mbele bila kukwepa kichaka, kikasema: kifaru. Jina letu ni bora kuliko lao, na sioni sababu ya kulionea haya.

Hivyo vya kwanza viliingia vitani tarehe 15 Septemba 1916, kwenye mapigano ya Somme nchini Ufaransa. Vilivyokuwepo ni 49, na karibu theluthi moja havikufika hata mstari wa kuanzia. Vingine viliharibika njiani, vingine vilizama matopeni. Kila kimoja kilikuwa na tani kama 28, injini ya nguvu za farasi 105, watu 8 ndani, na mwendo wa kilomita 6 hivi kwa saa mahali pakavu. Injini ilikaa katikati ya watu bila ukuta wa kuitenga. Joto lilifika nyuzi 50, na moshi wa injini uliwalevya mpaka wengine wakazimia. Kukigeuza tu kulitaka watu wanne. Dereva husimamisha, hufunga gia kubwa ya nyuma, hupiga kifuniko cha injini kwa nguvu kwa sababu sauti haisikiki, kisha huonyesha vidole. Mtu wa gia wa upande mmoja huuachia mnyororo wake, kamanda huushika mnyororo huohuo kwa breki, na dereva huingiza gia ya kwanza ili mnyororo wa pili ukizungushe chombo. Mmoja akikosea ishara, chombo husimama palepale mbele ya mizinga ya adui.

Watu hao waliwekwa kwanza chini ya kikosi cha rashasha. Julai 1917 wakapewa jeshi lao lenye jina la vifaru, na beji yao wenyewe. Sasa tuitazame hiyo beji.

Njia nyepesi ya kuisoma ni kuisoma kama mama zetu wanavyoisoma kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Ukimpa mama kanga haangalii ua la katikati peke yake, utasikia kwanza "imeandikwaje?" Beji ya vifaru iko hivyohivyo. Pindo lake ni shada la majani ya mlorieli, mti wa washindi tangu enzi za Warumi. Mji wake ni kifaru cha mwanzo, chenye umbo la msambamba na minyororo inayozunguka mwili mzima kupitia juu. Juu kuna taji la mfalme. Chini kuna utepe wenye maandishi, na hapo ndipo penye jina la kanga.

Jina hilo ndilo la kwanza kukupa umri wa beji. Utepe ukisomeka "TANK CORPS", beji ni ya kati ya 1917 na miaka ya mwanzo ya 1920. Tarehe 18 Oktoba 1923 Mfalme George V aliwaruhusu kutumia neno la heshima la kifalme, na ukaja mwito "FEAR NAUGHT", yaani usiogope chochote. Beji yenye mwito huo haiwezi kuwa ya vita vya kwanza hata mgeni aapie kwamba babu yake alikuwa Somme. Babu anaweza kuwa alikuwepo kweli, ila beji aliipata baadaye.

Taji nalo linatoa ushahidi. Mataji ya zama za wafalme wa kabla ya 1952 yana tao zinazopanda na kukutana juu kama kuba ya msikiti. Zama za Malkia Elizabeth II tao zinabonyea katikati, kama mgongo wa tandiko. Kuna mtego hapa: Mfalme Charles III, aliyeshika ufalme mwaka 2022, amerudisha taji la kuba. Kwa hiyo kuba peke yake haithibitishi ukongwe. Tazama chuma. Beji kongwe imesuguliwa kwa miaka mingi, kingo za minyororo na majani zimelainika, na mabaki ya dawa ya kung'arishia yamekaa ndani ya mikunjo. Mpya ina kingo kali na mng'ao wa sare.

Kuhusu za kughushi, geuza beji nyuma. Ya kweli iligongwa kwa muhuri wa chuma, kwa hiyo mgongoni utaona umbo lilelile la mbele likiwa limebonyea ndani. Iliyomiminwa kwenye kalibu ina mgongo uliojaa au wa tambarare, na uso wake una vitundu vidogo kama vya ndizi iliyopigwa na jua. Wakati wa vita vya pili, chuma kilipohitajika kwingine, zilitengenezwa pia beji za plastiki. Vijana huzitupa wakidhani ni za kuchezea watoto. Msizitupe, ni za kweli, tena huvunjika upesi ndiyo maana zimebaki chache. Na jambo moja nasihi sana: beji ya zamani isisuguliwe kwa limau na majivu ili ing'ae mbele ya mgeni. Kila kusugua kunaondoa kidogo cha ule ushahidi tuliokuwa tunautafuta.

Rangi ndizo zenye kisa kitamu zaidi. Bendera ya vifaru ina rangi tatu: hudhurungi, nyekundu na kijani. Tafsiri yake inajulikana na kila askari wao: kutoka kwenye tope, kupitia damu, mpaka kwenye mashamba ya kijani yaliyo ng'ambo. Ukiisikia unadhani watu walikaa wakatafakari, ndipo wakachagua rangi. Haikuwa hivyo. Brigedia Jenerali Hugh Elles, kamanda wao, alitaka bendera kabla ya shambulio la Cambrai, Ufaransa. Akaenda na mwenzake kwenye duka la vitambaa katika mji mdogo wa Cassel, kaskazini mwa Ufaransa, wakachukua hariri za rangi walizozikuta. Maana ilikuja baada ya kitambaa, na aliyeitoa ni mnadhimu wao, J.F.C. Fuller. Hili haliipunguzii bendera heshima hata kidogo. Watu walikuwa wameliona tope la Ufaransa na Ubelgiji mwaka mzima. Walipopewa vitambaa vitatu, waliyaona maisha yao mle ndani. Ila mwalimu anayefundisha elimu ya nembo lazima aiseme hatua hiyo waziwazi, kwa sababu mara nyingi tunawaambia watoto kwamba rangi "zilichaguliwa kumaanisha", wakati baadhi ya rangi zilikuwepo kwanza, watu wakaja kuzipa maneno.

Kosa linalofanyika mno ni kuitundika kichwa chini. Kijani hukaa juu. Njia ya kukumbuka ni ileile tafsiri: tope liko chini miguuni, na unakokwenda kuko juu na mbele. Ukiona hudhurungi juu, mwambie mhusika kwa upole aishushe na kuigeuza.

Na sasa Cambrai yenyewe, kwa sababu bila kuielewa siku hiyo nusu ya nembo hizi hazisomeki. Tarehe 20 Novemba 1917 vilikusanywa vifaru 476, kati ya hivyo 378 vya kupigana na vilivyobaki vya kubeba mizigo, simu na kuvuta seng'enge. Elles alitoa amri ya maandishi jioni ya kuamkia, akasema ataongoza mwenyewe. Asubuhi akasimama ndani ya kifaru kilichoitwa Hilda, bendera ile ya rangi tatu ikiwa juu ya fimbo. Rejimenti huiadhimisha tarehe hiyo kila mwaka.

Tatizo la siku ile lilikuwa upana wa mahandaki. Kifaru kiliweza kuvuka pengo la mita 3. Wajerumani walikuwa wamepanua mahandaki yao mpaka mita 3 na nusu na zaidi, makusudi. Dawa ikawa tita. Wenzetu wa huku waliowahi kujenga nyumba ya udongo wanajua fito: ukifunga fito sitini unapata mzigo wa mtu mzima. Karakana kuu ya vifaru, ambako walifanya kazi vibarua wengi kutoka China, ilifunga matita makubwa 350, kila moja likiundwa na matita madogo kama 60, urefu mita 3, unene karibu mita moja na nusu, uzito tani moja na nusu na ushei. Kamba isingeweza kulishika. Walilizungushia minyororo, kisha vifaru viwili vikavuta ncha za mnyororo kila kimoja upande wake mpaka fito zikabanana. Tita likapandishwa juu ya pua ya kifaru, na ndani kukawekwa komeo la kuliachia.

Udhaifu wake unaonekana mara moja. Kila kifaru kina tita moja, ukiliachia haliokotwi tena, na mahandaki yako matatu, moja nyuma ya jingine. Ndiyo maana walikwenda vitatuvitatu. Cha kwanza kilipita juu ya seng'enge, kikafika ukingoni mwa handaki la kwanza, hakikuvuka; kiligeuka kushoto na kulimiminia risasi ili walioko ndani wasiinue vichwa. Cha pili kikaja, kikatupa tita lake, kikavuka juu yake na kugeuka kushoto upande wa pili. Cha tatu kikapita juu ya tita hilohilo, kikaenda kulitupa la kwake kwenye handaki la pili. Kisha kile cha kwanza, ambacho bado kilikuwa na tita, kikawafuata wenzake, kikavuka yote mawili na kulitumia la kwake kwenye handaki la tatu. Askari wa miguu walifuata nyuma kwa mistari myembamba kupitia njia zilizolazwa na minyororo. Penye umoja wa hatua hizo, mstari ambao ulidhaniwa haufunguki ulifunguka kabla ya adhuhuri.

Penye nafasi kati ya kifaru na askari wa miguu, mambo yaliharibika. Kwenye kijiji cha Flesquières askari walibaki nyuma sana, vifaru vikapanda kilima peke yao, na mizinga ya Wajerumani ikavipiga kimoja baada ya kingine. Hesabu ya jioni ilikuwa vifaru 179 nje ya kazi. Nawaomba walimu mwiandike ubaoni hesabu hii kwa mafungu yake: 65 vilipigwa na adui, 71 viliharibika vyenyewe, 43 vilikwama. Maana yake vilivyoshindwa na injini, gia na udongo ni 114, karibu mara mbili ya vilivyoshindwa na mizinga. Mtu asiyeijua hesabu hiyo hataelewa kwa nini rejimenti hii imeyapa matope na oili nafasi ambayo wengine wameipa simba na tai.

Kimoja cha vifaru vilivyopigwa Flesquières kilikuwa na namba D51 na jina Deborah. Watano kati ya waliokuwemo walikufa. Kilizikwa ardhini, kikafukuliwa Novemba 1998, na sasa kinaonekana palepale kijijini, kimetobolewa upande mmoja. Jina lake lina kanuni. Batalioni za vifaru ziliitwa kwa herufi kabla ya kupewa namba mwanzoni mwa 1918, na kila kifaru kilipewa jina lianzalo na herufi ya batalioni yake. Deborah ni wa D. Hilda ni wa H. Ukikutana na picha ya zamani yenye jina ubavuni, herufi ya kwanza inakutajia batalioni hata kama namba imefutika.

Bereti nyeusi. Ndani ya kifaru hakuna nafasi ya kofia yenye ukingo wa mbele. Ukingo unagonga darubini, unagonga mlango, unagonga kila kitu. Elles aliwaona askari wa milimani wa Ufaransa mwaka 1918 wakivaa kofia laini isiyo na ukingo. Ile yao ilikuwa pana mno, ya Wabaski ikawa ndogo mno, ikatafutwa ya katikati. Rangi ikawa nyeusi kwa sababu moja tu ya kikazi: mikono ya watu hawa ina oili saa zote, na oili juu ya kitambaa cheusi haionekani. Ikaidhinishwa rasmi mwaka 1924. Jenerali Montgomery wa Uingereza alipoivaa jangwani mwaka 1942, akiwa na beji ya vifaru pamoja na ya ujenerali juu yake, dunia nzima ikaijua. Majeshi mengi yakafuata. Lakini asili yake ni kitambaa cha kuficha oili.

Fimbo nayo ina habari yake. Maofisa wa rejimenti hii hawabebi kifimbo kifupi cha kung'aa kama wa vikosi vingine. Wanabeba bakora ndefu ya mti mgumu usiopakwa rangi. Kule Ubelgiji mwaka 1917 ofisa alitangulia mbele ya kifaru kwa miguu, akichoma ardhi kwa bakora kuona kama itabeba tani 28. Bakora ikizama, njia hiyo haifai. Kapteni Clement Robertson na askari wake Cyril Allen walitumia siku kadhaa kuweka alama za utepe kwenye njia ya vifaru, na tarehe 4 Oktoba 1917 Robertson akatembea mbele ya vifaru vyake chini ya risasi ili visipotee. Alipigwa kichwani akafa, vifaru vikiwa vimefika. Ndiye wa kwanza wa jeshi la vifaru kupewa nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Kila nikiiona ile bakora kwenye picha za gwaride, macho yangu hayaoni pambo. Yanamwona mtu anayepima udongo ili wenzake wanane wasizame.

Kuna alama nyingine ambazo hazikuwekwa kwa fahari bali kwa haja ya kujuana. Wajerumani waliviteka vifaru vingi vya Waingereza wakavitumia. Mwaka 1918 ikabidi vya Waingereza vipakwe mistari mitatu mbele, nyeupe, nyekundu, nyeupe, ili mizinga yao wenyewe isivipige. Mistari hiyo ilirudi tena jangwani katika vita vya pili. Kwenye vita hivyo kukawa pia na maumbo kwenye kichwa cha mzinga: almasi kwa makao makuu ya rejimenti, pembetatu kwa skwadroni A, mraba kwa B, duara kwa C. Rangi ya umbo ikataja cheo cha rejimenti ndani ya brigedi: nyekundu kwa kongwe, njano kwa ya pili, bluu kwa ya tatu, kijani kwa ya nne. Kwa hiyo mraba wa njano kwenye picha ya rangi unasomeka mara moja: skwadroni B, rejimenti ya pili kwa ukongwe. Picha ya nyeusi na nyeupe isome umbo tu, rangi usiikisie. Nyekundu na bluu hutoka karibu sawa.

Hapa lazima nitoe tahadhari inayotuhusu sisi wenyewe. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma mwaka 1944, ilivaa begani nembo ya kichwa cha kifaru. Kifaru mnyama. Humo walikuwemo vijana wetu wa KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika wa huku, kutoka Tanganyika, pamoja na wa Kenya, Uganda na Nyasaland. Walishuka bonde la Kabaw kwenye mvua za masika ya kule, wakafika mto Chindwin mwezi Desemba. Walikuwa askari wa miguu. Basi ukoo ukisema "babu alikuwa wa kifaru Burma", au kikitokea kiraka cha kitambaa chenye pembe, msiandike kwamba babu aliendesha kifaru cha chuma. Tazameni kama ni kichwa cha mnyama au umbo la msambamba lenye minyororo. Lugha yetu imewapa wawili hao jina moja, kwa hiyo jicho lazima lifanye kazi ambayo neno halifanyi. Hata leo, katika JWTZ, lililoundwa 1 Septemba 1964, kuna brigedi zenye majina ya Faru, Tembo na Nyuki. Jina la mnyama halitaji silaha.

Nimebakiwa na alama moja, nayo ndiyo inayopaswa kuwagusa watu wa pwani kuliko zote.

Mwaka 1917 mfanyabiashara wa Malaya, Eu Tong Sen, alilipia kifaru kimoja. Kwenye pua ya kifaru hicho, kila upande, yakachorwa macho makubwa kama yanavyochorwa kwenye vyombo vya baharini vya Wachina, kwa sababu chombo kisicho na macho hakioni njia. Batalioni ikaipenda, ikaitunza, ikairithisha. Mwaka 1939 lile jeshi la vifaru liliitwa rasmi rejimenti. Baada ya vita vya pili, batalioni zilizozidi zikaunganishwa kidogokidogo. Na tarehe 2 Agosti 2014 mbili za mwisho zikawa moja. Kila muungano ulifuta kitu. Jicho halikufutwa. Vifaru vyao vya leo vyenye tani zaidi ya 60 vinalo.

Ninyi hamhitaji kuelezwa chombo chenye macho ni nini. Mitepe ya mababu zetu, iliyoshonwa kwa kamba bila msumari, ilikuwa na macho kwenye omo. Jahazi za Lamu mpaka leo zina duara la mbao lililochongwa, likapakwa rangi na kupigiliwa kushoto na kulia, na fundi anaposema chombo hakijakamilika kwa sababu hakijawekwa macho, hafanyi mzaha. Wale Waingereza walipounda kamati ya meli za nchi kavu hawakulijua hilo. Ilibidi aje mtu wa bahari yetu hii ya mashariki kuwapa kilichokosekana.

Kwa hiyo mgeni akikuonyesha picha ya kifaru chenye jicho, mpeleke kwanza ufukoni penye vyombo, amwone fundi. Kisha mrudie picha. Tazameni pamoja jicho limewekwa wapi. 

Beji tatu ziko mezani, mbili za kweli na moja ya kumiminwa. Zipokeeni kwa mkono mkavu, mzigeuze mgongo, kisha kila kundi liniambie ni ipi.